Mjadala: Mtoto wa miaka 7 apewe kompyuta yake mwenyewe, au asubiri?

BabaZuu
Wadau, naombeni mawazo yenu kwa jambo linalotugawa nyumbani. Binti yetu ana miaka 7. Anasoma vizuri, anaandika hadithi zake fupi, na kwa muda sasa anaomba kompyuta yake mwenyewe. Si simu, si kishikwambi. Anataka yenye kibodi, ahifadhi michoro yake asifutiwe na mtu, asiombe zamu. Mimi naona wakati umefika. Mama yake anasema asubiri mpaka afike miaka 11, kwa sasa atumie ya wote. Hatugombani, ila kila mmoja kashikilia lake. Nyie mliokwisha kupita huku, umri gani unafaa, na kwa nini huo?

FundiNyaya
Mpe sasa, mkuu. Simu na kishikwambi vimeundwa ili mtu apokee. Kompyuta ni ya kutengenezea vitu: anaandika, anachora, anapanga mafaili yake, anaharibu, anarekebisha. Lugha ya programu ya Scratch ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16, na ndogo yake, ScratchJr, ni ya miaka 5 hadi 7. Waliokaa wakalitafakari jambo hili wameshaona kwamba miaka 7 si mapema.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Shirika la Afya Duniani lilishasema saa moja kwa siku, basi. Kompyuta ya mtoto peke yake haiishii saa moja, kwa sababu hakuna anayeingoja. Zamu ndiyo inayomwinua mtoto kitini. Mimi nawapokea asubuhi, namjua aliyelala na aliyekesha. Na niseme bila kuzunguka: wazazi wengi wanaomnunulia mtoto kompyuta hawanunui elimu, wananunua yaya.

MamaPacha
Mwalimu, hilo la yaya limenichoma. Nina pacha, nawalea peke yangu, na kazi yangu ni ya usiku. Nikirudi asubuhi ya siku isiyo ya shule, lazima nilale ili jioni niweze kusimama tena. Ndiyo, zipo saa ambazo kompyuta inakaa nao. Inawasomea hadithi, wanafanya hesabu, halafu wanacheza. Ningekuwa na mtu mzima wa pili ndani ya nyumba ningemkalisha yeye. Sina. Sasa nieleze, nilinunua nini?

Mwalimu wa Darasa la Pili
Dada, sikukutaja wewe.

MamaPacha
Ulisema "wazazi wengi". Ukirusha jiwe gizani, usimshangae anayelia.

Msomaji Kimya
Kabla hamjatoana macho: ile saa moja ya Shirika la Afya Duniani ni mwongozo wa mwaka 2019, na unahusu watoto walio chini ya miaka 5. Chini ya mwaka mmoja hakuna skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja wakiwa wamekaa, na ikipungua ni bora. Mtoto wa BabaZuu ana 7, hayumo. Madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2016 nao waliweka saa moja kwa wa miaka 2 hadi 5. Kuanzia 6 hawakutaja saa. Walisema mzazi aweke mipaka isiyoyumba, na skrini isile usingizi wala muda wa mwili kucheza.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Basi ndilo hilo nililolisema. Usingizi.

Msomaji Kimya
Ulisema saa moja, Mwalimu.

Mzee wa Busara
Wanangu, mnahangaika na saa. Tazameni wenye viwanda wenyewe. Steve Jobs wa Apple hakuwapa wanawe kifaa alichokiuza. Bill Gates wa Microsoft naye aliwanyima wanawe simu mpaka miaka 14. Wanaojua kilichomo ndani wanawaficha watoto wao, sisi tunashindana kuwapa. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini sijamwona mzazi aliyempa kweli akabaki amekaa anatazama.

FundiNyaya
Mzee wangu, kwa heshima zote, hoja hii ya Jobs inaletwa kila mahali na kila mara inaachwa nusu. Ni mwandishi wa habari aliyemuuliza mwaka 2010 kama wanawe wanaipenda iPad, kishikwambi cha Apple, akajibu hawajaitumia, na kwamba nyumbani wanapunguza teknolojia. iPad ilikuwa imetoka mwaka huohuo. Na Gates alizungumzia simu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyesema mtoto asiguse kompyuta. BabaZuu ametofautisha tangu mstari wa kwanza, sisi tunavichanganya upya.

Mzee wa Busara
Kijana, mimi sikuchanganya. Kioo ni kioo.

FundiNyaya
Hapana, mzee. Kwenye kimoja mtoto anatelezesha kidole, video inayofuata inajileta yenyewe. Kwenye kingine asipoandika kitu, hakuna kinachotokea. Tukiviita jina moja, tutamnyima mtoto kile kizuri kwa kosa la kile kibaya.

MamaPacha
Hapo Fundi sikubaliani. Wangu wana kompyuta yenye kibodi na panya, na bado video inayofuata inajileta. Kivinjari hakijali kama kimefunguliwa kwenye simu au mezani. Halafu hiyo ScratchJr uliyoitaja ilitoka mwaka 2014 kwa vishikwambi, kwa sababu ni ya kugusa kwa kidole. Umeitetea kompyuta kwa mfano wa kishikwambi.

FundiNyaya
Scratch yenyewe ni ya kompyuta, na mtoto anakaribia 8. Lakini sawa, kivinjari ni tatizo. Kompyuta ya kwanza si lazima iwe na intaneti. Weka programu ya kuchora, ya kuandika, Scratch ile inayofanya kazi bila mtandao, zima kila kitu kingine. Akitaka mtandao atakuja sebuleni. Hiyo inaweza kuanza hata leo.

Msomaji Kimya
Kuhusu Gates, kipo kisichosemwa. Alikutana na kompyuta mwaka 1968, akiwa na miaka 13, na haikuwa yake. Ilikuwa mashine ya kuchapia ya shule, imeunganishwa kwa simu na kompyuta iliyoko mbali, na muda wake ulilipiwa. Wanafunzi waligombea zamu. Linus Torvalds aliyetengeneza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alianzia kwenye kompyuta ndogo ya Commodore VIC-20 ya babu yake. Babu alikuwa profesa wa takwimu, akiandika programu kwenye karatasi, mjukuu akiziingiza kwenye mashine. Hapo zamu ilikuwepo, mtu mzima alikuwepo, na kazi ilikuwa ya kweli. Ninaposoma maisha ya watu hawa naona kwamba kumiliki kulikuja baadaye sana kuliko kutumia.

Mzee wa Busara
Umenena. Babu alikuwepo.

FundiNyaya
Mnachukua watu wawili waliokulia zama ambazo kompyuta zilikuwa adimu, kisha mnauita uadimu ule malezi. Hawakuchagua kushirikiana. Hazikuwepo za kutosha. Na Torvalds alirithi ile VIC-20 babu alipofariki, akiwa bado mtoto, ikawa yake. Malizeni hadithi.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Kuna jaribio kubwa kuliko watu wawili. Ule mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto uliotangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa MIT. Peru ilinunua zaidi ya laki nane. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilipima shule za msingi za vijijini, ikatoa ripoti mwaka 2012: matokeo ya hesabu na lugha hayakupanda. Kila mtoto na mashine yake, na hesabu palepale. Hapa siongei kwa hasira ya mzazi wala fundi. Mtoto anajifunza kwa mtu.

FundiNyaya
Ripoti hiyohiyo iliona uwezo wa jumla wa kufikiri umepanda kidogo. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Mwalimu, ukileta ushahidi ulete wote.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Hawakuandaliwa, eeh. Kila kitu kikishindikana ni mwalimu. Mnaleta mashine shuleni bila kumuuliza mtu, zikishindwa mnamtazama aliyeshika chaki. Nimefundisha watoto kusoma kwa vitabu visivyotosha, wanagawana wanne kitabu kimoja, na wamesoma. Sijawahi kusubiri mashine iniandae.

MamaPacha
Pole, Mwalimu. Sasa umeonja nilichokionja mimi kwenye lile la yaya.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Nimekuelewa, dada. Ila bado nasema usingizi.

BabaZuu
Ndugu zangu, nashukuru kwa yote, lakini naomba turudi kwa binti. Tukimpa ya kwake, ikae wapi? Na kitu cha pili, yeye ameshasema anataka nenosiri lake, asijue mtu. Miaka 7 na nenosiri, mnaonaje?

Mzee wa Busara
Mtoto wa miaka 7 hana siri. Hata wa 15 aliye chini ya paa langu hana siri. Mwenye nyumba ana funguo zote.

Binti Mkubwa
Nilikuwa nasoma tu, ila hili siwezi kulipita. Mzee, mimi nililelewa hivyo. Baba alisoma kila nilichoandika: barua pepe zangu, mazungumzo na marafiki, hata shajara niliyoiandika kwenye faili. Alikuwa ananilinda, najua, na nampenda. Matokeo yake nilijua kufuta historia ya kivinjari kabla sijajua kuandika insha. Nikiwa na miaka 14 mtu mzima alianza kuniandikia mtandaoni, maneno yasiyofaa, na sikumwambia baba. Nilijua akisikia atachukua kompyuta kwanza na kuuliza baadaye. Nilibeba jambo lile peke yangu. Kwa hiyo msiseme mtoto hana siri. Anazo, na ukimkagua kila siku anajifunza kuzichimbia chini zaidi.

Mzee wa Busara
Pole sana, mwanangu. Lakini kosa lilikuwa la yule mtu, si la baba yako.

Binti Mkubwa
Sikusema ni la baba. Nimesema sikumwambia.

Msomaji Kimya
Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha. Mwaka 2021 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilitoa maelezo marefu kuhusu mazingira ya kidijitali, ikitaka mzazi azingatie uwezo wa mtoto unaokua. Yaani ukaguzi wa miaka 7 usifanane na wa 14.

Mzee wa Busara
Umoja wa Mataifa hauishi nyumbani kwangu.

MamaZuu
Hodi. Mimi ndiye mama anayetajwa juu. Nimeoneshwa mjadala huu leo na nimeusoma wote. Miaka 11 sikuitoa kwenye kitabu. Niliitaja kwa sababu nilidhani kufikia hapo atakuwa na uwezo wa kuja kuniambia, "Mama, nimeona kitu kibaya," bila mimi kumuuliza. Sasa hivi hata akivunja kikombe anakificha. Hilo ndilo ninalolingoja, wala si hesabu ya miaka. Dada Binti Mkubwa, ulichokiandika kimenikaa moyoni. Ungekuwa na miaka 7 leo, ungetaka mama yako afanyeje?

FundiNyaya
Shikamoo mama. Kiufundi ni rahisi: mfungulie akaunti ya mtoto, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Nenosiri analijua yeye na wewe. Programu haziwekwi bila wewe. Na zingatia kwamba ule umri wa 13 unaouona kwenye mitandao mingi umetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto. Haikuwekwa kupima ukomavu. Usije ukangoja 13 ukidhani kuna aliyepima akili.

Mzee wa Busara
Analijua yeye na mama. Ndicho nilichokisema. Funguo.

Binti Mkubwa
Tofauti ni kubwa, Mzee. Funguo alizozijua mtoto na kuzikubali si sawa na macho yanayopita usiku akiwa amelala. MamaZuu, ningetaka aniambie mapema, kwa kinywa chake: nikikuta kitu kibaya hatanyang'anya mashine. Na ningetaka alirudie hilo mpaka nichoke kulisikia.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Akikiuka muda wa kulala je, nako asinyang'anye?

Binti Mkubwa
Muda ni kanuni, akivunja alipe. Nazungumzia kuja kusema. Usiweke adhabu mlangoni pa kusema.

MamaPacha
Hapa nasimama na Binti. Wangu wana miaka 10 sasa. Kompyuta ziko mezani sebuleni, hazilali chumbani. Hilo, Mwalimu, nakupa bila ubishi. Jumbe zao sizisomi. Nafungua nikiona dalili tu.

Mzee wa Busara
Dalili zipi? Kila mzazi anasema "dalili" mpaka siku ya siku. Zitaje.

MamaPacha
Nazitaja. Anabadilisha dirisha kila ninapopita nyuma yake, jambo ambalo hakuwa nalo. Ana rafiki wa kwenye gemu ambaye hataki kumtaja, au anasema ni mtoto mwenzake na hajawahi kumwona. Amepewa zawadi ndani ya gemu na mtu asiyemjua. Ameambiwa wahamie kuongea mahali pengine, hasa pasipo na watu wengine. Anaamka usiku kuangalia kama amejibiwa. Anaacha ghafla mchezo alioupenda, na hasemi kwa nini. Nikiona moja kati ya hizo nafungua, nafungua mbele yake, na namwambia ninachokitafuta.