Likizo ya uzazi inaisha, mtoto ana miezi mitatu: kopo lipi, maziwa ya ng'ombe, au nikamue?

MamaNai_Sakina
Habari zenu wapendwa. Niko Arusha, Sakina. Siku zangu 84 zinaisha wiki ijayo na binti yangu hajaonja kitu zaidi ya ziwa. Atabaki na dada. Mama mkwe anataka tumpe maziwa ya ng'ombe wake, ndiyo yaliyomkuza mume wangu. Duka la dawa nimekuta makopo mawili ya maziwa ya unga ya watoto, yote ya kuanzia kuzaliwa: moja lina protini gramu 1.3 kwa mililita 100, jingine 1.8. Muuzaji kanisisitizia hilo la 1.8, eti mtoto atajaa haraka. Kuna na la tatu, bei juu zaidi, limeandikwa DHA, aina ya mafuta, kwa ajili ya ubongo. Njia ya tatu ni kukamua, ila naogopa yatakauka. Naombeni mnisaidie kulinganisha.

LisheMoshi
Hongera kwa kufika miezi mitatu bila kuchanganya. Nafanya kazi za lishe hapa Moshi, na neno "atajaa haraka" linanisumbua kila siku.

Maziwa ya mama yana protini kama gramu 1 tu kwa mililita 100. Ya ng'ombe yanapita gramu 3, kwa sababu ndama anatakiwa akue mbio kuliko binadamu. Zamani viwanda viliweka protini nyingi kwenye kopo wakiamini zikizidi hazidhuru. Kuanzia 2002 Profesa Berthold Koletzko wa Munich na wenzake wakafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wa kopo katika nchi tano: Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Poland na Hispania. Kundi moja lilianza na gramu 1.77 za protini kwa kilokalori 100, jingine 2.9. Walipofika miaka miwili, wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi, lakini urefu ulikuwa sawa. Yaani hawakukua zaidi, walinenepa zaidi. Walipopimwa tena na miaka sita, unene uliopitiliza ulikuwa asilimia 10 kwa kundi hilo na 4.4 kwa lile la protini kidogo. Kopo walishaliacha siku nyingi!

Maelezo yake ni kwamba protini ikizidi inapandisha insulini na homoni za ukuaji, na mwili wa mtoto mchanga unajifunza mapema kuweka mafuta. Ukigeuza kwa kipimo cha utafiti huo, kopo lako la 1.3 ni kama gramu 1.9 kwa kilokalori 100. La 1.8 linakaribia 2.7. Ulaya sasa kikomo ni 2.5. Ukilazimika, chukua la 1.3.

BabaMapacha
Mkuu, nakuheshimu, ila wangu walikunywa kopo lolote lililopatikana, wakawa mabonge, leo wako darasa la tatu na wanakimbia kuliko wenzao. Tusiwatie hofu akina mama.

LisheMoshi
Nashukuru kwa hilo, Baba, na uko sahihi kwa watoto wako. Hata kwenye kundi la protini nyingi, tisa kati ya kumi hawakuwa na unene uliopitiliza. Nazungumzia uwezekano. Mama akiwa dukani na makopo mawili mkononi, kwa nini achukue lenye uwezekano mbaya zaidi?

Kuhusu DHA: Ulaya imekuwa lazima kwenye kila kopo tangu 2020, kwa hiyo si kitu kibaya. Ila watafiti wa Uingereza walichukua majaribio saba ya zamani ya maziwa yaliyoboreshwa, wakaunganisha na matokeo ya shule, wakatoa majibu 2021. Waliokunywa yaliyoboreshwa hawakufanya vizuri zaidi ya wenzao kwenye mitihani ya miaka 16. Usiongeze hela ukitegemea akili.

Bibi_wa_Meru
Mwanangu, mimi ng'ombe ninao na nawapenda, lakini kwa miezi mitatu hapana. Mjukuu wangu wa kwanza tulimpa, akapauka viganja. Hospitali wakasema damu imepungua. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na kwa mtoto mdogo yanaweza kuchubua utumbo damu ikatoka kidogo kidogo bila nyie kuona. Na figo zake zinaelemewa. Mwambie mkweo kwa heshima asubiri mwaka utimie, ndipo naye amnyweshe mjukuu wake.

KijanaMajiYaChai
Mnajadili unga, maji je? Nimezaliwa Maji ya Chai. Meno yangu ya mbele ni kahawia tangu yaote, na ya mdogo wangu vilevile. Sababu ni floraidi, madini yaliyo kwenye maji yetu, yanatoka kwenye miamba ya Mlima Meru. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu vyanzo vingi vinapita hapo. Mtoto wa kilo sita anakunywa karibu lita moja kwa siku, na kopo karibu lote ni maji! Meno yake ya utu uzima yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi. Kuchemsha hakutoi floraidi, maji yakipungua inazidi kukolea. Kituo cha Ngurdoto wanaichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ziwa la mama linapitisha floraidi kidogo mno, hata mama mwenyewe akinywa maji hayo hayo.

NesiUsa
Hili la maji liwekwe juu kabisa. Nami naongeza: unga wa kopo si salama kwa kuwa tu umefungwa, una uwezekano wa kuwa na bakteria. Maji yachemke, yachanganywe yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, yapoozwe, yanywewe ndani ya saa mbili. Dada asipunguze vijiko ili kopo lidumu, wala asiongeze. Akiongeza, protini unayoikwepa umeirudisha mwenyewe.

Ila mama, kamua. Kwenye joto la kawaida la chumba yanakaa saa nne, kwenye friji siku nne. Yanakauka usipoyatoa, kwa hiyo kamua na kazini. Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Omba kwa barua, usiombe kwa mdomo.

MamaNai_Sakina
Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Suala la maji halikuwahi kunijia kabisa. Leo nimekamua mara ya kwanza, mililita 60, nimeweka friji. Barua ya saa mbili naandika usiku huu. Kopo la 1.3 nitanunua likae akiba, ila silifungui kabla sijapima maji ya bomba letu. KijanaMajiYaChai, unajua hapa mjini wanapima wapi?

KijanaMajiYaChai
Anza na mamlaka ya maji, uliza maabara. Beba chupa safi ya plastiki, suuza kwa maji hayo hayo mara tatu kabla ya kujaza.

Bibi_wa_Meru
Marahaba mwanangu. Hizo 60 si haba. Kesho kamua alfajiri, ndipo yanatoka mengi.