Wapolandi wa Kondoa walimkimbia nani? Swali la mpwa wangu kuhusu Vita Kuu ya Pili

Mrangi_Bolisa (Kondoa)

Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, amekuja likizo na swali la historia: aeleze jinsi tamaa ya nchi za kidikteta ya kujitanua ilivyoleta Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daftari lake lina pointi sita za kukariri. Italia, Ujerumani, Japani, udhaifu wa Shirikisho la Mataifa (umoja wa nchi wa kulinda amani wakati ule), na kadhalika.

Sasa dogo kaniuliza: kama mkorofi ni Hitler, wale Wapolandi walioletwa hapa Kondoa wakati wa vita walimkimbia nani? Marehemu bibi alikuwa akituhadithia habari zao. Wazungu wanawake na watoto, hawana gari wala mtumishi, wanafua wenyewe. Dogo anasema amesoma kwamba walipitia Iran. Iran na Hitler wapi na wapi? Mimi fundi pikipiki, hapo nimegonga mwamba. Wenye kujua nisaidieni, kwa lugha ya kawaida tafadhali.

Nkuhungu_Mjini

Mwambie aandike Hitler, maksi atapata. Msahihishaji hana habari na Kondoa.

Mwalimu_Mstaafu_Dom (Kikuyu, Dodoma)

Mbukwenyi wote.

Mkuu wa Bolisa, huyo mpwa wako asikatishwe tamaa. Hizo pointi sita nimezisahihisha hadi nikastaafu, na ubaya wake ni kwamba kila dikteta anakaa kwenye aya yake kana kwamba hajui jirani yake anafanya nini. Walikuwa wakitazamana! Mmoja akinyakua, mwenzake anasubiri aone atafanywa nini. Asipofanywa kitu, naye anaingia. Hilo ndilo jibu lenyewe. Mengine ni kulionyesha kwa tarehe.

Japani ndiyo iliyofungua. Septemba 1931 jeshi lake liliingia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, kwenye makaa ya mawe na chuma. Mwaka uliofuata ikasimamisha pale serikali ya vibaraka. Shirikisho la Mataifa likatuma tume, tume ikaandika ripoti, Japani ikasusa ikajitoa mwaka 1933. Basi.

Ethiopia ndipo ninapotaka dogo akae kwa muda mrefu, maana vitabu vyetu vinapapita mbio, jambo la ajabu kwa vitabu vya Waafrika. Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho tangu 1923. Mussolini, dikteta wa Italia, alikuwa na deni la aibu la Adwa, 1896, ambako Waitaliano walipigwa na jeshi la Menelik, mfalme wa Ethiopia, na tayari alikuwa amekaa Eritrea upande mmoja na Somalia upande mwingine. Desemba 1934 askari wake na wa Ethiopia wakagombana kwenye visima vya maji vya Walwal, upande wa Somalia. Oktoba 3, 1935 akavamia, na baadaye ndege zake zikamwaga gesi ya sumu juu ya watu.

Shirikisho likaweka vikwazo. Vya nini? Vitu vingi, isipokuwa mafuta. Vifaru na ndege za Italia zinatembea kwa mafuta, na mafuta hayakuzuiwa! Mfereji wa Suez nao, ambao Waingereza walikuwa na uwezo wa kuufunga, ukabaki wazi, meli za askari wa Mussolini zikapita zikilipa ushuru kama kawaida. Addis Ababa ikaanguka Mei 5, 1936. Juni 30 mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie, akasimama Geneva, makao ya Shirikisho, kuwasemesha kwa Kiamhari, waandishi wa habari wa Kiitaliano wakampigia miluzi ukumbini. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Tazama sasa Hitler yuko wapi wakati huo. Machi 7, 1936, Uingereza na Ufaransa zikiwa bado zinavutana juu ya Ethiopia, akapeleka askari Rhineland, eneo la Ujerumani jirani na Ufaransa alilokatazwa na Mkataba wa Versailles kuweka jeshi. Hakuna aliyemgusa. Na kuna hili ambalo sijaliona katika daftari la mwanafunzi yeyote: mwaka 1934, Wanazi walipomuua kansela wa Austria, aliyesogeza majeshi mpakani kumtisha Hitler alikuwa Mussolini huyohuyo. Miaka minne baadaye, Machi 1938, Hitler anaimeza Austria nzima na Mussolini kanyamaza kimya. Kilichobadilika katikati ni Ethiopia. Ilimgombanisha na Uingereza na Ufaransa, ikamsukuma kwa Hitler.

Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Septemba 1938 kule Munich, Chamberlain na Daladier, mawaziri wakuu wa Uingereza na Ufaransa, wakamkabidhi Hitler eneo la Sudeten la Chekoslovakia, wenye nchi yao hawakuitwa mezani. Machi 15, 1939 akaingia Prague. Humo akapata viwanda vya silaha vya Skoda, na vifaru vya Kicheki vikatumika mwaka 1940 kuivunja Ufaransa. Hapo ndipo uone kujitanua kunavyojilisha: alichokinyakua leo ndicho anachopigania kesho.

Nije Kondoa. Agosti 23, 1939 Hitler na Stalin, dikteta wa Urusi ya Kisovieti, walitia saini mkataba wa kutoshambuliana, ukiwa na sehemu ya siri ya kugawana Polandi. Septemba 1 Mjerumani akaingia kutoka magharibi. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Septemba 17 Stalin akaingia kutoka mashariki. Hawa wa mashariki ndio wageni wa bibi yako. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwatoa majumbani usiku, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin, Stalin akahitaji marafiki haraka, akakubali kuwaachia Wapolandi. Mwaka 1942 wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran wakiwa na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Wanaume wenye nguvu wakaenda vitani, wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa makambi katika makoloni ya Mwingereza. Kubwa hapa kwetu lilikuwa Tengeru, karibu watu 5,000. Mengine Ifunda, Kidugala, Morogoro, na hapo Kondoa.

Kwa hiyo mjibu dogo: walimkimbia Stalin. Hitler alifungua mlango tu.

Mchumi_Makulu

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana na mengi ila naona umemruka mhusika mkuu, Mkataba wa Versailles uliofunga vita ya kwanza. Wajerumani walibanwa wakapokonywa ardhi, makoloni (Tanganyika hii hii ikiwemo), wakatozwa fidia. Kisha mdororo wa uchumi wa 1929 ukawamaliza. Njaa ndiyo iliyozaa dikteta, na dikteta ndiye aliyezaa vita. Ukianza na Manchuria unakuwa umeanza katikati.

Mwalimu_Mstaafu_Dom

Marahaba mwanangu. Mdororo nakupa, bila kubisha: mwanzoni mwa 1932 Ujerumani ilikuwa na watu kama milioni sita wasio na kazi, na Hitler alipata ukansela Januari 1933. Ila hiyo Versailles mnaibebesha mzigo mkubwa mno. Italia na Japani zilimaliza vita ya kwanza upande wa nani? Wa washindi! Japani ilipewa hadi visiwa vya Mjerumani kule Pasifiki. Nazo zilinyakua. Na fidia unayoitaja ilifutwa kwa vitendo kwenye mkutano wa Lausanne, kiangazi cha 1932, kabla Hitler hajashika kiti.

Machungu ya Versailles yanaeleza kwa nini Wajerumani walimshangilia. Hayaelezi kwa nini alitaka ardhi ya Wapolandi na Waukraine ili awahamishie watu wake huko. Hayo aliyaandika mwenyewe tangu miaka ya 1920, wala hakuficha.

Nkuhungu_Mjini

Samahani mzee, unasema madikteta walinyakua nchi za watu. Mwingereza aliyekuwa amekaa hapa Dodoma na kiko chake alipewa ruhusa na nani? Na Ufaransa kule Algeria? Hao nao walichaguliwa kwa kura kwao.

Mwalimu_Mstaafu_Dom

Hapo umesema, na sitakuzuia. Mussolini mwenyewe alitumia hoja yako kujitetea: nyie mmejaza dunia, mimi nikichukua Ethiopia mnalia. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza kwa udhamini wa Shirikisho lilelile lililomtelekeza Haile Selassie. Na Hitler alipokuwa akidai makoloni yarudishwe, na sisi tulikuwa kwenye hesabu. Hakuna aliyefikiria kutuuliza kama tunamtaka huyu au yule.

Lakini swali la dogo ni kwa nini vita ilizuka *wakati ule*, na kwa nini iliwafika wote. Mwingereza aliyekwisha jaza ghala alitaka dunia ikae kama ilivyo. Hawa watatu walitaka kuipindua, kwa haraka, na kwao hakukuwa na bunge la kuwahoji wala gazeti la kuwauliza gharama. Japani ndiyo mfano mzuri. Julai 1937 iliivamia China yote ikidhani itaimaliza upesi, ikakwama. Kukwama kukala mafuta. Mafuta mengi yake yalitoka Marekani, na ilipoingia kusini mwa Indochina mwaka 1941 Marekani ikakata. Serikali inayohojiwa na wananchi pengine ingerudi nyuma kutoka China. Wao wakaona bora wakachukue visima vya Waholanzi kule Indonesia, na ili wasisumbuliwe njiani wakaipiga Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, Desemba 7, 1941.

Kongwa_Kwetu

Mzee umenikumbusha babu yangu, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku. Alikwenda Uhabeshi mwaka 1941 kumng'oa Mwitaliano, halafu akapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Alikuwa akisema Burma adui wa kwanza ni mvua, wa pili mbu, Mjapani wa tatu. Bonde la Kabaw alilitaja mpaka anakufa. Aliporudi akakuta Mwingereza analeta matrekta Kongwa kulima karanga, kwa sababu vita imewaachia njaa ya mafuta ya kula huko kwao. Mradi ulianza 1947, ukafa 1951, mamilioni ya pauni yamezikwa kwenye udongo huu mgumu kama saruji. Babu alishangaa hawakuwauliza Wagogo kuhusu mvua.

Mrangi_Bolisa (Kondoa)

Aisee, asanteni. Mwalimu, dogo amekaa hapa na kalamu. Anauliza aanze na ipi, na aache ipi, maana kurasa alizopewa ni nne.

Mwalimu_Mstaafu_Dom

Aanze na visima vya Walwal, kisha arudi nyuma kidogo Manchuria kwa sentensi mbili. Prague ya Machi 1939 aipigie mstari: hadi hapo Hitler alikuwa akidai anawakusanya Wajerumani wenzake, na Wacheki si Wajerumani, kisingizio kikaisha. Ndiyo maana mwisho wa mwezi huohuo Chamberlain aliahidi kuilinda Polandi. Wapolandi wa Kondoa awaweke karibu na mwisho, kwa jina la Stalin, hata kama msahihishaji atakunja uso. Nafasi ikibana aiache Albania, ambayo Mussolini naye aliinyakua mwaka 1939.