Naomba ushauri: kukarabati ndani ya trela ya kulala ya 1962

Habari zenu wakuu. Niko Ohio, Marekani. Nimenunua Shasta Airflyte, zile trela zenye mabawa madogo nyuma. Bati la nje bado zima, shida iko ndani. Fremu yake ni ya mbao, na maji yamepenya miaka mingi kwenye pembe za dirisha la mbele. Plaiwudi ya ukutani ina madoa meusi, ukiibonyeza kidole kinazama.

Fundi mmoja anasema nipigilie plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani, yaishe. Mimi naona huko ni kuficha ugonjwa. Nataka kubandua, nibadilishe mbao zilizooza, nipitishe nyaya mpya, ndipo nifunge plaiwudi ya mm 3 kama ya awali.

Kinachonikwamisha ni makabati: yamefungwa skrubu kutokea nje, kabla bati halijawekwa. Kuna aliyeyatoa bila kufungua bati? Au nianzie nje tu, maana hata hivyo dirisha litahitaji kuzibwa upya?

Halafu sakafu. Mke wangu anataka vigae (mnawajua wake zetu), nami nahofia uzito, ekseli ni moja. Kapeti la plastiki litahimili baridi ya huku?