Unga wa kokwa za zambarau kwa mgonjwa wa sukari: kuna aliyejaribu?

Mama Nasra, Mbagala
Habarini wakuu. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anameza vidonge vya kushusha sukari, metformini na glibenklamidi. Jirani kamletea unga wa kokwa za zambarau kwenye kopo la majarini, kijiko kila asubuhi. Siku ya nne namkuta jikoni anatetemeka, kanga imelowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Kupima sukari: 2.9 mmol/L, imeshuka mno! Soda nusu chupa ndiyo iliyomrudisha. Sasa anatamba, "Si umeona dawa inafanya kazi?" Nimjibu nini?

Kijana wa Tandika
Bi mkubwa kanichekesha, samahani. Ila zambarau Wahindi wanazitumia kwa sukari tangu enzi.

Muuguzi Mstaafu
Wanazitumia, ndiyo, lakini majaribio mengi ya kokwa zile ni ya panya, kwa dondoo iliyopimwa maabara, si kijiko cha jirani. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea, galega. Tofauti ni kipimo. Mimi namshuku zaidi glibenklamidi: inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala. Je, alikuwa amekula? Vidonge asiache wala kupunguza mwenyewe. Mpeleke kliniki na hilo kopo, daktari alione.

Mama Nasra, Mbagala
Kumbe! Vidonge anameza saa moja, halafu hali kitu mpaka saa nne, eti unga unataka tumbo tupu. Kliniki ni kesho. Kopo nimelificha juu ya kabati, na ameshaanza kulitafuta.