Tetea wangu hali chakula, gole (kifuko cha chakula shingoni) halishuki tangu juzi. Nianzie wapi? (Mikindani)

MamaTetea_Mikindani
Habari zenu wafugaji. Nina tetea wa kienyeji, ndiye mtagaji wangu mkubwa hapa uani. Tangu juzi hagusi chakula, amejikunyata pembeni, mabawa kayalegeza. Kinyesi ni majimaji, kijanikijani kilichochanganyika na weupe. Leo alfajiri nimemshika kabla sijawafungulia: gole limejaa, ukilibonyeza unasikia maji ndani, na mdomo unanuka kama togwa iliyolala. Wenzake wote wazima. Mmoja kaniambia nikanunue antibaiotiki, mwingine anasema nimchinje kabla hajafa. Sitaki kumchinja. Naombeni ushauri.

Mwera_wa_Nachingwea
Pole sana dada. Mshike miguu, mpindue kichwa chini, likamue hilo gole atapike yote. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya.

Banda_la_Chuno
Kaka, hapo hapana. Ukimpindua, yale maji yanaingia njia ya hewa na anakufia mkononi. Nimeshuhudia kwa jirani yangu, kuku aliyekuwa na nafuu kabisa.
Dada, tujibu kwanza: chanjo ya mdondo (kideri) walipata lini? Shingo inapinda? Anakoroma? Na wanakula nini?

MamaTetea_Mikindani
Matone ya jicho walipata mwezi wa tisa. Shingo haipindi, hakoromi. Wanakula pumba za mahindi, makombo na machicha ya nazi. Msimu huu pia wanashinda kwa jirani, kuna lundo la mabibo yaliyobaki baada ya korosho kung'olewa.

Banda_la_Chuno
Hapo tumepata pa kuanzia. Kuku mzima analala gole limejaa, anaamka limeshuka. Likiwa bado limejaa alfajiri, chakula hakishuki. Sasa angalia: likiwa gumu, ni nyuzi zimejisokota, majani marefu au kumbi la nazi. Likiwa laini lenye maji na harufu ya uchachu kama la kwako, kilichomo kimechacha. Machicha yaliyolala na mabibo yaliyoanza kuchemka ndiyo nayashuku mimi, kwa joto letu hili vinachacha upesi sana.
Mtenge kwenye tenga, kivulini. Leo usimpe chakula, maji safi tu yasikatike. Kesho gole likishuka, mpe uji mwepesi au kiini cha yai la kuchemsha, kidogokidogo. Lingekuwa gumu ningekwambia matone machache ya mafuta ya nazi mdomoni, halafu ulikande taratibu kwa vidole huku amesimama wima. La kwako usilikamue.
Antibaiotiki acha kwanza. Uchachu wa gole mara nyingi una ukungu ndani yake, na dawa hiyo inaua bakteria wanaouzuia, ukungu ukapata nafasi zaidi. Tena hayo mayai ungelazimika kuyatupa mpaka muda wa dawa uishe.

BintiNewala
Mimi ningemnywesha maji ya shubiri mwitu. Bibi yangu anaamini sana.

Mifugo_Masasi
Binti, shubiri inaharisha, na huyu anaharisha tayari. Atazidi kukauka maji.
Niongeze kuhusu kinyesi. Kuku asiyekula anatoa kijani kwa sababu nyongo inashuka huku tumboni hamna chakula. Kwa hiyo kijani peke yake siyo mdondo. Ila mwingine akianza kuzubaa, au wakifa wawili watatu kwa mpigo, hiyo si habari ya gole tena: mwite afisa mifugo wa kata, na aliyekufa mpeleke mbichi kituo cha TVLA (maabara ya serikali ya mifugo) hapo Mtwara wamchunguze. Upanga wa kichwani ukipauka na kinyesi kikawa cha njano, mtajie homa ya matumbo ya kuku. Vifaranga wakitoa damu, hiyo ni kuhara damu, ina dawa yake.
Na hiyo chanjo ya mdondo, ile ya I-2, inarudiwa kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Ya mwezi wa tisa inakaribia kuisha nguvu. Wachanje wazima, huyu msubiri apone.

MamaTetea_Mikindani
Asanteni sana. Nimemtenga, machicha nimeyaondoa, na jirani amekubali kulifunika lundo la mabibo.

MamaTetea_Mikindani
Mrejesho: alfajiri hii gole limeshuka, harufu imepungua. Amekunywa uji kidogo, akanidonoa kidole akitaka zaidi. Kinyesi bado chepesi. Pumba nimrudishie lini?

Banda_la_Chuno
Mwache na uji na kiini leo na kesho, ukimshika gole kila alfajiri. Likiwa limeshuka asubuhi zote mbili, anza na pumba iliyoloweshwa, umwekee na changarawe ndogo za kusagia firigisini. Likijaa tena, usilirudie zoezi hili: mpeleke kwa daktari wa mifugo, huenda kuna kitu kimeziba chini.

MamaTetea_Mikindani
Sawa kaka, nitafanya hivyo. Changarawe nitachekecha hapa hapa uani.