Chombo kisicho na nahodha chini ya barafu: kikikuta kizuizi kigeuke au kisonge?

Wakuu, wengi wanataka vyombo vinavyojiendesha chini ya maji vipangwe kugeuka kila sona (kifaa kinachotambua vitu kwa mwangwi wa sauti) inapohisi kitu mbele. Napinga, hasa kwa safari za chini ya barafu ya Antaktika.

Januari 2024 Ran, chombo cha Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, kiliingia chini ya barafu inayoelea ya Dotson na hakikuonekana tena. Wenzetu wa tahadhari wameshika hapo. Lakini mwaka 2022 chombo hichohicho kilichora ramani ya takriban kilomita za mraba 140 za upande wa chini wa barafu hiyo, ikagundulika kuwa barafu huyeyuka kwa kasi kwenye nyufa zinazopanda wima. Nyufa hizo ndizo sona inaziona kama vizuizi! Chombo kikigeuka kila penye ukuta, tutapata vipimo vya sehemu laini tu, halafu tuvitumie kukadiria bahari itapanda kiasi gani. Hilo ni kosa la kisayansi, tena kubwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya bahari. Karibu vipimo vyote vinarudi na chombo chenyewe, kwa hiyo kikipotea vimepotea navyo. Tena hivi vyombo virefu hugeuzwa kwa usukani, lazima viwe kwenye mwendo. Haviwezi kusimama vikatafakari. Kwenye bahari wazi kikipata hitilafu kinadondosha uzito, kinaibuka, meli inakiokota. Chini ya barafu kuibuka ni kunasa darini. Waingereza walipoteza chombo chao Autosub2 chini ya barafu ya Fimbul, hukohuko Antaktika, mwaka 2005. Bora nusu ya ramani iliyofika mezani.

Mleta mada: Ndugu, Autosub2 haikusaidii. Uchunguzi ulielekea kwenye hitilafu ya ndani: umeme kukatika, au amri ya kusitisha safari kujitoa. Kugeuka mbele ya ukuta kusingekiokoa. Mrithi wake, Autosub3, mwaka 2009 alifanya safari sita chini ya barafu ya Pine Island, jumla ya kilomita 510 hivi. Safari moja kiligonga barafu kikarudi kimeumia, kikatengenezwa, kikaingia tena. Safari hizo ndizo zilizofichua tuta la sakafu ya bahari ambalo barafu ile iliwahi kulikalia, na bila tuta hilo huelewi kwa nini inarudi nyuma kwa kasi.

Sisemi kiende kichwakichwa. Kikienda, kiruhusiwe kujaribu njia ya pili, kwa kina zaidi na nafasi kubwa zaidi kati yake na barafu. Kikirudi, kifuate njia kiliyokwisha kuipita salama. Betri ikifika kiwango cha kurudia nyumbani, hapo sona iseme lolote, kigeuke.

Mchangiaji wa pili: Kwenye betri nakubali. Ila nyufa zinabana, na mwangwi unarudi kutoka kuta zote mbili kwa pamoja. Hiyo njia ya pili programu itaijuaje?