Jamaa katundika KOFIA kwenye taa yangu, wakuu nashikwa na nini mimi!

Kijasho Chembamba:
Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, hata chai imepoa. Ni yule jamaa. Msinilazimishe kumtaja, mnamjua wote, yule anayekuja "kusalimia" ugali ukishaiva na kuondoka na chaja yako.

Wiki TATU natengeneza taa ya mezani. Kitako ni kopo la rangi la lita moja, nimelijaza zege. Shingo ni bomba la plastiki la nusu inchi: nikalishindilia mchanga lisibonyee, nikalipasha jikoni kwenye mkaa, nikalipinda taratibu kama shingo ya korongo. Kivuli ni kifuu cha nazi. Hicho kifuu nimekipiga msasa mpaka alama za vidole zimefutika, siku mbili simu yangu inanikataa. Nikakitoboa matundu kwa msumari wa moto, ukiwasha ukuta mzima nyota. Mtoto wa darasa la nne kaomba MWENYEWE kufanya homuweki!

Jamaa kaingia jioni hii, hodi moja tu, kavua kofia, kaitundika kwenye kifuu. KOFIA. Ile ya kampeni ya 2015, ina jasho la chaguzi tatu.

Namwambia, kaka, hiyo ni taa. Kaitazama. Kainama, kachungulia kwa chini. Kasema: "Aa, mi nikajua upawa umeanikwa."

Upawa! Na kofia hajaitoa! Kaomba maji ya kunywa, kofia iko palepale!

Bibi Mkorofi:
Picha iko wapi? Bomba lenye kifuu kwa juu, mwanangu, hata mimi ningechotea mchuzi.

Waya Mwekundu:
Mkuu, swichi umeikatia waya upi? Kama umekata nyutro, ukizima holda bado ina moto, utakuja kurushwa siku ya kubadili balbu. Na fyuzi ya plagi toa hiyo ya ampea 13, weka ya 3.

Kijasho Chembamba:
Waya Mwekundu mimi nazungumzia KOFIA wewe unaniletea nyutro. (Nimekagua na testa. Nimeshageuza. Asante.) Kaitundika kwa kuiweka sawa kabisa, akaipigapiga juu kama anambembeleza mtoto!

Mla Mihogo:
Balbu gani hiyo?

Kijasho Chembamba:
LED, wati 5.

Mla Mihogo:
Kosa lako. Ungefunga ile ya zamani ya wati 60, kofia ingeanza kunukia na mwenyewe angeikimbilia.

Bibi Mkorofi:
😂😂 chaguzi tatu zinaungua

Shemeji wa Taifa:
Ila jamaa namkubali. Kwangu alikalia keki.

Mama Wawili:
Afadhali nyie mna taa za kutundikiwa kofia. Hapa tuko wapangaji sita, mita moja ya LUKU. Kila mtu atoe elfu tano, sawa. Kumbe dada wa chumba cha mwisho ana friji, anauza barafu! Umeme tunanunua sote, hela za barafu zake.

Mla Mihogo:
Mama Wawili afadhali barafu. Wa kwetu anapigia watu pasi, mpaka sare za shule ya jirani.

Waya Mwekundu:
Fungeni sabmita kila chumba, ugomvi unaisha siku hiyohiyo.

Mama Wawili:
Mwenye nyumba hataki, anasema tutamharibia rangi. Rangi yenyewe ilipigwa mimi sijaolewa.

Kijasho Chembamba:
Jamani, uzi ni wa kofia. Nimemsindikiza jamaa, nimerudi, kofia kaiacha. IPO JUU YA TAA.

Mla Mihogo:
Mama Wawili hizo barafu anauzaje?

Mama Wawili:
Mia mia. Na mimi ananiuzia.